Jicho Lisilopata pa Kushika

Kitenzi kuona ni miongoni mwa vitenzi vilivyobebeshwa mzigo mkubwa kabisa katika Kiswahili. Mtu huona kwa macho, lakini pia huona njaa, huona baridi, huona haya, huona uchungu. Husema "naona mvua itanyesha" ilhali hajaiona mvua hata tone moja. Alichokiona ni wingu, na upepo uliogeuka, na sisimizi wanaohamisha mayai, na katika hayo yote amekwisha kuamua. Kitenzi hicho kikinyambuliwa huzaa kuonya, yaani kumfanya mtu aone kabla hajafikwa. Huzaa pia kuonea, yaani kumtendea mtu jambo asilostahili. Katika ukoo huo mmoja wa maneno mna jicho, mna mwili, mna dhana, mna tahadhari, na mna dhuluma. Waliolilea neno hili, vizazi kwa vizazi, walijua kwamba jicho peke yake haliwezi kubeba kazi yote ya kuona.

Wapo watu ambao kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakijaribu kuvifundisha kitenzi hicho vitu visivyo na roho. Ni wahandisi wa roboti zinazojiongoza: magari yasiyo na dereva, vyombo vya angani visivyo na rubani, mashine zinazopelekwa mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Maswali yao makuu ni mawili. Mashine itajuaje iliko, na kilicho mbele yake ni nini? Na ikishajua, itauongozaje mwili wake kabla wakati haujapita? Swali la kwanza ni la macho, la pili ni la usukani. Lakini mengi yaliyowasumbua wahandisi hawa yamezuka katika nafasi ndogo iliyo baina ya macho na usukani, pale ambapo kilichotazamwa hugeuka kikawa kilichoaminiwa.

Jina lenyewe la viumbe hivi lina historia inayofaa kukumbukwa. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alichapisha mwaka 1920 tamthilia yake R.U.R., ambamo kiwanda kinatengeneza watu bandia wa kufanya kazi. Alikosa jina la kuwaita, na ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempatia neno roboti. Alilitoa katika robota, kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana mwenye ardhi bila ya ujira. Kiswahili kina neno lake la jambo hilo, nalo ni shokoa. Lakini neno la Kicheki lilipowasili pwani hii lilikuwa limekwisha kupita katika lugha nyingine. Likashuka na sauti yake tu, maana ikabaki njiani.

Hasara ya kuipoteza maana hiyo si ndogo. Mtu wa shokoa alitakiwa awe na mikono, asiwe na rai. Mashine inayotakiwa leo ni ya kufanya kazi bila ya ujira, na wakati huohuo iwe na rai yake: ijitazamie njia, ijiamulie, ijizuie. Anatakiwa mtumwa ambaye pia ni nahodha. Bwana wa zamani asingelikubali jambo kama hilo, kwani alijua kwamba anayeshika usukani hapana budi aachiwe nafasi ya kutotii.

Walioianza kazi hii hawakuutazamia ugumu wake. Walidhani shida kubwa itakuwa kuipa mashine akili ya kufikiri, na kwamba macho yatafuata kwa wepesi, maana hata mbuzi ana macho. Ikawa kinyume. Mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, lakini haikuweza kuinua hata kete moja. Alikuwapo mtu aliyeketi mbele ya Kasparov akiisogezea kete zake. Hans Moravec, mmoja wa wataalamu wa roboti, alikuwa amekwisha kuliandika jambo hilo mwaka 1988: ni rahisi kwa kiasi kuifanya kompyuta icheze dama kama mtu mzima, lakini ni vigumu mno kuipa uoni na mwendo wa mtoto wa mwaka mmoja.

Moravec alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alishughulika kwa miaka na kigari kimoja chenye kamera. Mwaka 1979 kigari hicho kilivuka chumba kilichojaa viti bila ya mtu kukiongoza, na safari hiyo ikachukua kiasi cha saa 5. Kilisogea kama mita 1, kikasimama, kikapiga picha, kikahesabu kwa dakika 10 au 15, kisha kikasogea tena. Kilipotolewa nje, jua lilikikorofisha. Kivuli, kwa macho ya kigari, kilikuwa alama nzuri kuliko zote, cheusi juu ya cheupe. Lakini kwa kuwa kigari kilifikiri polepole, jua lilisogea na vivuli vikahama kabla hakijamaliza kufikiri. Ramani kilichokuwa kikiichora ilikuwa ya dunia iliyokwisha kupita. Kuona kuna saa yake. Anayetenda leo kwa alichokiona jana ni kama anayeitikia salamu ya mtu aliyekwisha kuvuka mtaa.

Hata hivyo kigari kilikuwa na anasa moja: kiliweza kusimama kikafikiri. Chombo kilicho angani hakina anasa hiyo, na ndiyo maana kisa cha helikopta ndogo iliyopelekwa Mirihi kinafaa kusimuliwa kwa utulivu.

Helikopta hiyo, Ingenuity, ilifika katika bonde la Jezero tarehe 18 Februari 2021, ikiwa imekunjwa chini ya tumbo la gari la uchunguzi Perseverance la shirika la NASA. Uzito wake ulikuwa kilo 1.8 tu, na ilikuwa na rafadha mbili, moja juu ya nyingine, kila moja na upana wa mita 1.2. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, kiasi cha asilimia 1 ya uzito wa hewa ya duniani, kwa hiyo rafadha zilibidi zizunguke zaidi ya mara 2,400 kwa dakika ili kupata cha kukanyagia. Tarehe 19 Aprili 2021 ilipaa mita 3 juu ya mchanga, ikaelea, ikatua. Sekunde 39. Kilikuwa chombo cha kwanza kuruka kwa nguvu zake katika sayari nyingine, na kilikuwa kimepangiwa safari 5 tu.

Hakuna mtu aliyeweza kuishika helikopta hiyo mkono. Ishara ya redio, ingawa huenda kwa kasi ya nuru, huchukua baina ya dakika 3 na dakika 22 kutoka duniani hadi Mirihi, kwa kadiri sayari hizo zinavyokaribiana na kuachana. Rubani aliyeko California angeliona katika kioo chake kwamba chombo kinayumba, chombo hicho kingekuwa kimekwisha kuanguka zamani. Neno rubani lenyewe linastahili kutazamwa hapa. Kabla ya ndege, rubani alikuwa mtu wa baharini, mjuzi wa miamba na mikondo, ambaye chombo kigeni kilimtegemea kiingie bandarini salama. Kazi yake yote ilikuwa kuwapo. Rubani mkuu wa Ingenuity, Håvard Grip, hakuwahi kuwapo. Kazi yake na ya wenzake ilikuwa kuandika wasia: nenda huku kiasi hiki, pinda hapa, tua pale, mengine yote utajiamulia mwenyewe.

Na iliamua kwa kutumia nini? Ndani yake mlikuwa na kompyuta ya aina ileile iliyotiwa katika simu za mkononi za mwaka 2014. Kulikuwa na vihisio vilivyopima mwinamo wake na kila mabadiliko ya mwendo wake, kama mtu aliyefumba macho ndani ya gari anavyojua kwamba gari limekata kona. Kulikuwa na mwale wa leza uliopima kimo chake. Tena kulikuwa na kamera moja ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotazama chini moja kwa moja na kupiga picha kiasi cha 30 kwa kila sekunde. Vihisio vya mwendo ni vyepesi lakini hudanganya kidogokidogo, na udanganyifu huo hujilimbikiza; baada ya sekunde chache helikopta ingelidhani iko mahali isipokuwapo. Kamera ndiyo iliyokuwa ikiisahihisha. Iliteua vijiwe na madoa ardhini, ikatabiri kila kimoja kitaonekana wapi katika picha ijayo, kisha ikatazama. Jiwe likikutwa lilipotabiriwa, helikopta iko inapodhani iko. Likikutwa pembeni, basi dhana ndiyo iliyopotoka, na mwendo lazima urekebishwe.

Hesabu ya kupatanisha dhana na ushahidi ina asili yake katika makala aliyoichapisha mwaka 1960 Rudolf Kalman, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani. Ilitumika mapema katika vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini, na wazao wake wamo katika karibu kila kitu kinachojiongoza. Kiini chake kinaweza kuelezwa bila ya tarakimu. Mashine hushika mambo mawili: inavyodhani, na inavyoambiwa na vihisio. Kila kimoja hupewa kiasi chake cha shaka. Kilicho na shaka ndogo husikilizwa zaidi, kilicho na shaka kubwa husikilizwa kidogo, na baada ya kila usikilizaji shaka hupimwa upya. Ni mizani ya kadhi anayesikiliza mashahidi wawili, akijua kila mmoja ana kiasi gani cha usahaulifu. Wanaosema kwamba mashine haijui shaka hawajaitazama vizuri. Mashine nzuri imejengwa kwa shaka tangu msingi. Tatizo ni kwamba shaka hiyo aliigawa mtu, kabla ya safari, kwa mambo aliyoweza kuyafikiria.

Safari ya sita, tarehe 22 Mei 2021, ilionyesha jambo hilo. Helikopta ilikuwa juu kiasi cha mita 10, ikielekea kusini-magharibi kwa mwendo wa mita 150. Katika sekunde ya 54 picha moja ilipotea njiani kati ya kamera na kompyuta. Picha moja si kitu. Zilikuja 30 nyingine katika sekunde hiyohiyo. Lakini kupotea kwake kulivuruga hesabu ya saa, na tangu hapo kila picha ikawasili na wakati usio wake. Helikopta ikatabiri jiwe litakuwa hapa, ikalikuta pale. Ikadhani imepeperuka, ikajirudisha. Kumbe haikuwa imepeperuka, na kule kujirudisha ndiko kulikoipeperusha. Ikajirudisha tena upande wa pili. Ikawa inapepesuka mbele na nyuma, ikiinama kwa zaidi ya nyuzi 20, kama mlevi anayejitahidi kutembea wima. Jicho lilikuwa zima, usukani ulikuwa mzima, na hata hesabu ilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni tarehe tu.

Iliokolewa na mambo mawili, na yote mawili yalikuwa ya busara zaidi kuliko ya ufundi. Kwanza, wahandisi walikuwa wameacha nafasi pana kati ya kiasi cha kuyumba kinachovumilika na kiasi kinachoangusha, ingawa hawakujua nafasi hiyo itatumiwa na kosa gani. Pili, waliamua tangu mwanzo kwamba katika hatua ya mwisho ya kutua kamera isisikilizwe kabisa. Helikopta ilipofika hatua hiyo ikalifumba jicho lake, ikaacha kuyumba, ikatua kwa miguu yake, kiasi cha mita 5 kutoka ilikotakiwa. Kufumba macho ndiko kulikoiokoa. Mtu aliyewahi kuvuka ubao mwembamba juu ya maji, akaambiwa asitazame chini, hatalishangaa jambo hilo.

Baada ya hapo Ingenuity iliruka tena na tena. Safari 5 zikawa 72, na jumla ya muda wake angani ikapita saa 2. Iliishi karibu miaka 3 mahali ilipotazamiwa kuishi mwezi mmoja. Kisha ikafika penye mchanga.

Tarehe 18 Januari 2024 ilitumwa ipae wima hadi mita 12, itazame ilipo, itue. Safari iliyotangulia ilikuwa imekatizwa kwa kutua kwa dharura, na hii ilikuwa ya kuhakikisha tu kwamba chombo ni kizima. Ilipaa kama ilivyoamriwa. Ilipokuwa ikishuka mawasiliano yakakatika. Picha zilizoletwa baadaye zilionyesha kivuli cha rafadha juu ya mchanga, na rafadha hizo zimevunjika. Wachunguzi walikuwa umbali wa kiasi cha kilomita milioni 160 kutoka mahali pa ajali, na hawakuwa na shahidi aliyeona. Maelezo waliyoyatoa Desemba 2024, wakiyataja kuwa ndiyo yanayoelekea zaidi kuwa kweli, ni haya. Jicho la helikopta lilikuwa limeundwa kwa ajili ya ardhi tambarare yenye vijiwe vingi. Hapo palikuwa na matuta laini ya mchanga, yasiyo na jiwe wala doa la kutosha. Kamera ilitazama ikakosa cha kushika. Kwa kuwa haikupata alama za kuaminika, helikopta haikujua kwamba ilikuwa ikienda kwa upande. Ikagusa ardhi ingali na kasi, juu ya mteremko wa tuta, ikainama kwa ghafla, na kishindo cha kuinama huko kikayakata mapanga yote manne penye udhaifu wake, kiasi cha theluthi moja kutoka nchani.

Hakukuwa na kiza wala dhoruba. Kamera ilipiga picha nzuri za mchanga, na kila picha ilikuwa sawasawa na iliyotangulia. Ilikuwa imekodoa jicho mchana kweupe mahali pasipo na kitu cha kuuliza njia.

Msomaji wa pwani anazijua bahari za namna hiyo. Mtu akiwa katikati ya maji, bara imezama nyuma, wimbi la sasa halina tofauti na wimbi la jana, na macho peke yake hayamwambii kama chombo kinasonga au kinachukuliwa na mkondo. Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa wa uongozaji wa vyombo katika karne ya 15, aliiweka sehemu kubwa ya elimu yake katika nazmi, na mojawapo ya tungo zake ndefu inahusu njia ya kuja pwani hii ya Afrika hadi Sofala. Katika vyombo vya bahari ya Hindi mtu wa kazi yake aliitwa muallim, neno la ukoo mmoja na mwalimu. Nyota zilipimwa kwa kamali, kibao chenye uzi wa mafundo, lakini elimu haikuishia kwenye nyota. Mlikuwamo pia ishara: rangi ya maji, matope yanayotoka kilindini, ndege na wakati wanaporuka, mwani unaoelea, nyoka wa baharini wanaoonekana karibu na mwambao fulani. Ishara moja ikinyamaza nyingine husema. Na ishara mbili zikipingana, huo ni wakati wa kupunguza tanga.

Si haki kumlinganisha mwanamaji aliyebeba urithi wa vizazi na chombo cha kilo 1.8 kilichohesabiwa kila gramu. Wahandisi hawakuinyima Ingenuity jicho la pili kwa uzembe; kila kihisio kina uzito, na hewa ya Mirihi haibebi uzito. Lakini ulinganisho huo unafichua kitu kinachohusu roboti zote. Muallim alijua kwamba hajui. Usiku wa mawingu hakuendelea kupima nyota asizoziona. Alibadili namna ya kusafiri. Mashine hujua kiasi cha shaka katika kila jibu, na bado inaweza isijue kwamba swali lenyewe limekwisha kukosa maana. Kuipa shaka juu ya jiwe moja ni hesabu. Kuipa shaka juu ya ulimwengu mzima inaoutazama ni kazi ambayo bado haijaisha.

Mirihi haina watu, na helikopta iliyovunjika huko ilivunjika peke yake. Barabarani mambo ni mengine.

Tarehe 18 Machi 2018, karibu na saa 4 usiku, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilikuwa likijiongoza kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 70 kwa saa. Mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara kwa miguu, huku akisukuma baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Gari lilimgonga akafa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza, na matokeo ya uchunguzi wake, yaliyotolewa mwaka 2019, ni miongoni mwa maandishi yanayoumiza zaidi katika taaluma hii, kwa sababu yanaonyesha kwamba gari lilimwona. Rada ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Katika muda huo dereva wa kawaida huweza kupiga breki, akasimama, akashusha pumzi.

Gari lilitumia muda huo kutafuta jina. Kwanza lilisema kwamba hicho ni gari. Kisha likasema ni kitu kingine. Likasema tena ni gari, kisha kitu kingine, kisha baiskeli. Kila lilipobadili jina lilikitupa kila lilichokwisha kukijua kuhusu mwendo wa kitu hicho, likaanza kukihesabu upya, kana kwamba aliyeitwa kwa jina jipya amezaliwa sasa hivi. Programu haikuwa imeandaliwa kumfikiria mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Kwa hiyo jina la kweli, mtu anayevuka, halikuwamo katika orodha ya majina yaliyowezekana pale. Lilipotambua, sekunde 1.2 kabla ya kugonga, kwamba hicho kilicho mbele kimo njiani mwake, likangoja sekunde 1 nzima. Kungoja huko kuliwekwa kwa makusudi, ili gari lisifunge breki kwa kila hatari ya uongo, mathalani mfuko unaopeperushwa na upepo. Na breki ya dharura ambayo gari lenyewe lilitoka nayo kiwandani ilikuwa imezimwa kila lilipojiongoza.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa kawaida methali hiyo husemwa kwa kumcheka mwoga kidogo. Mbele ya kisa cha Tempe inageuka kuwa sifa. Mwili wa mtu huruka kwanza, jina hufuata. Mguu umekwisha kurudi nyuma kabla moyo haujauliza kama ni nyoka au ni ung'ongo, na ikithibitika kwamba ulikuwa ung'ongo, hasara ni aibu ya dakika moja. Mshairi hutafuta jina la kitu usiku kucha, na anayo ruhusa, kwani hapana anayengoja mbele ya kalamu yake. Anayeshika usukani hana ruhusa hiyo. Kwake yeye "kuna kitu, nacho kinakuja" ni ujuzi uliotimia, na unamtosha kwa kusimama.

Ndani ya gari hilo alikuwamo mtu, aliyewekwa kuwa mwangalizi, naye wakati huo hakuwa akitazama barabara. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka aliamua kwamba kampuni haina jinai ya kujibu. Mwaka 2023 mwangalizi alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akahukumiwa kuwa chini ya uangalizi kwa miaka 3. Yeye alikuwa na kosa lake, na hakuna anayeweza kumwondolea. Hata hivyo yapasa kuuliza aliwekwa pale afanye nini. Aliambiwa atazame mashine inayotazama. Asifanye kitu saa baada ya saa, usiku baada ya usiku, kisha afanye kila kitu ndani ya nusu sekunde. Muallim aliyeendesha chombo alikuwa macho kwa sababu alikuwa kazini. Huyu alitakiwa awe macho bila ya kuwa na kazi, jambo ambalo mwili wa binadamu haujaumbwa nalo. Shokoa ilipopewa usukani, binadamu ndiye aliyeachiwa shokoa.

Ndipo ile sehemu ya kitenzi kuona isiyopendwa kutajwa inapojitokeza. Kuonea ni kumtenda mtu bila ya kumtazama sawasawa. Mwanamke wa Tempe alitazamwa na rada, akatazamwa na leza, akatazamwa na kamera, na hakuna hata kimoja katika hivyo kilichomwonea kwa chuki. Alionewa na orodha ya majina iliyoandikwa na watu wenye akili, mchana, ofisini, ambao hawakumkumbuka anayevuka njia usiku mahali pasipochorwa mistari. Jicho la mashine ni kumbukumbu ya walioiunda. Wasichokikumbuka wao, yeye hakioni, hata kikisimama mbele yake kwa sekunde 5.6.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama mashine fulani inaweza kuaminiwa asiulize kwanza inaona mbali kiasi gani. Aulize inafanya nini ikiwa haioni. Aulize imeachiwa nafasi pana kiasi gani ya kuyumba kabla ya kuanguka, kama ile iliyoachwa na wahandisi wa Ingenuity bila ya kujua itahitajika lini. Aulize kama inajua kusimama kabla ya kujua jina. Na aulize ni nani atakayejibu, kwa jina lake na si kwa jina la mashine, siku ishara zote zitakaponyamaza.

Ingenuity haikurejeshwa. Mwezi wa Aprili 2024 wahandisi waliiachia maagizo mapya, ya mwisho: kila siku iamke, ijipime betri na joto, ipige picha moja ya ardhi iliyo mbele yake, iihifadhi. Kumbukumbu yake ina nafasi ya kutosha picha za kila siku kwa kiasi cha miaka 20. Perseverance lina safari yake, na picha hizo zitamngoja mtu au roboti itakayopita huko siku moja. Waliompangia kazi hiyo walitaka kujua mchanga wa Mirihi unavyohama na vyombo vinavyozeeka. Mchanga wa kutazamwa ni uleule ulioiangusha, na safari hii ina wakati wa kutosha wa kuutazama.